Mashine Isiyoona Muhali

Alikuja baada ya sala ya alasiri, akavua viatu mlangoni, akatoa shikamoo, kisha akakaa barazani bila ya kusema neno. Mpwa wangu huyu, binti wa dada yangu, si mtu wa kukaa kimya. Anaandika programu za kompyuta katika ofisi moja hapa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili ya nyumba kongwe yenye ngazi za mbao, na kwa kawaida akifika hunihadithia siku yake nzima kabla kahawa haijapoa. Nikamwuliza kulikoni.

"Kazi yangu imekataliwa, mjomba."

"Na nani? Mkubwa wako?"

"Mkubwa hata hajaiona. Imekataliwa na mashine."

Akanionesha simu. Kulikuwa na orodha ndefu ya mistari, karibu yote ina alama ya kijani, na katikati yake mstari mmoja wenye alama nyekundu. Akanieleza kwamba kwa ajili ya huo mmoja, kazi yake ya siku tatu imesimama na haitokwenda popote mpaka airekebishe. Nikamwambia basi arekebishe, si mstari mmoja tu? Akasema sicho kinachomkera. "Wenzangu wote wanaiona hii nyekundu, mjomba. Na jina langu limo pembeni yake." Hapo ndipo nilipomwelewa. Kukataliwa angekustahamili, kilichomuuma ni kuonekana.

Niieleze kidogo kazi hii kwa asiyeijua. Mwandishi wa programu haandiki peke yake. Wenzake kumi au ishirini, wengine wako Dar es Salaam au Nairobi, wanaandika sehemu za kitu kile kile, na kila mmoja akimaliza kipande chake hukisukuma kwenye ghala moja la pamoja. Zamani vipande hivyo vilikaa mbalimbali kwa wiki na miezi, kisha ikaja siku ya kuviunganisha, na siku hiyo ilikuwa msiba: hiki hakikubaliani na kile, na hapana ajuaye kosa lilianzia wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mafundi kadhaa wa Marekani, Kent Beck miongoni mwao, walianza kuhimiza jambo lililowashangaza wengi, kwamba kazi iunganishwe kila siku, tena mara nyingi kwa siku. Wazo lao lilikuwa jepesi: shughuli inayoumiza ukiiahirisha huzidi kuumiza, na ukiifanya kila mara, kidogo kidogo, huizoea. Mwaka 2010 Jez Humble na David Farley walitoa kitabu kiitwacho Continuous Delivery, kikaupa utaratibu huo umbo lake kamili, na siku hizi mafundi huuita paiplaini. Kipande kikisukumwa tu, mashine huamka yenyewe. Hukichukua, hujenga programu nzima upya kwenye kompyuta safi isiyo na mazoea ya mtu yeyote, kisha huipitisha kwenye majaribio, mamia au maelfu, moja baada ya jingine. Jaribio moja likikataa, safari imeishia hapo. Yakikubali yote, kazi husogea hadi kwenye seva ya majaribio, na kutoka hapo hufika kwa watu wenyewe, mara nyingine bila ya mkono wa mtu kuigusa.

Mafundi wana faida zao nyingi za kutaja katika jambo hili, na wanazijua kunishinda. Mimi limenishughulisha kwa upande mwengine, upande wa tabia.

Sisi watu wa visiwani tumelelewa juu ya mambo mawili ambayo sikumbuki mzazi aliyekaa kitako akatufundisha, tumeyanyonya. La kwanza ni sitara. Aibu ya mwenzako ukiiona, ifunike. Mlango wa jirani ukiwa wazi, unapita umeinamisha macho. La pili ni muhali, na hili ni gumu zaidi kumweleza mgeni. Fundi wa rangi amekupakia ukuta vibaya. Unaona, naye anaona kwamba unaona, lakini mmejuana tangu skuli na babake alimzika babako, basi unamlipa, unamshukuru, na baada ya mwezi unatafuta fundi mwengine kimyakimya. Mtu amekuja kukuomba jambo lisilofaa, na kwa vile amekuja yeye mwenyewe, kwa miguu yake, juani, unashindwa kumwambia hapana. Umemwona muhali. Sitaki nifahamike vibaya: nisingependa kuishi katika mji usio na muhali. Ndio unaotufanya tupishane vichochoroni bila ya kukanyagana, ndio unaomfanya muuzaji wa Darajani amkopeshe mjane samaki na asimkumbushe. Mji mwembamba kama huu wetu, ambao ukuta wa nyumba yangu ndio ukuta wa nyumba yako, usingekalika bila ya kuoneana muhali.

Lakini muhali haujui kubaki barazani. Huingia kazini pamoja nasi. Hukaa kwenye meza ya karani, hupanda kwenye gati, hushika kalamu ya mkaguzi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imebeba watu wengi kuliko ilivyoruhusiwa. Hakuna nyumba katika visiwa hivi isiyokuwa na mtu wake katika usiku ule, au mtu wa mtu wake. Sikusudii kumnyooshea kidole yeyote. Mahakama na tume zina kazi yake, na waliokufa wana haki ya kupumzika. Ila kila nipitapo bandarini Malindi na kuwaona abiria wamejipanga na mizigo yao, hunijia swali moja. Idadi ya watu wa kupakia huandikwa kwenye karatasi mapema, na watu waliotulia, mchana, mezani. Inapofika saa ya kuondoka, gati limejaa, mama ana mtoto mgongoni na anasema Pemba kuna msiba na lazima afike asubuhi, ile idadi ya kwenye karatasi inamtegemea mtu mmoja aliyesimama pale ngazini. Je, ni haki kumtwisha mtu mmoja "hapana" ya nchi nzima, peke yake, mbele ya sura anazozijua?

Hapo ndipo ninapoiona heshima ya mashine ya mpwa wangu. Ile nyekundu haikuamuliwa saa ya haraka. Iliamuliwa zamani, na wao wenyewe, wakiwa wametulia, waliposema: kitu cha namna hii kisitoke kwetu. Wakaiandika hapana yao wakaikabidhi kwa asiyejua baba wa nani alimzika nani. Siku kazi inapochelewa na mteja anapiga simu kila dakika kumi, hapana mtu wa kulazimika kusimama mlangoni na kumtazama mwenzake usoni. Mkubwa na mwanafunzi wa mwezi wa kwanza wanasimamishwa na mstari ule ule, kwa maneno yale yale. Muhali umeondolewa mahali unapoua, ukaachwa mahali unapojenga, maana jioni hao hao wataandamana Forodhani kula urojo na hapana aliyemvunjia mwenzake uso.

Na sitara je? Maana lalamiko la mpwa wangu lilikuwa hilo. Nilimwambia kisa nilichowahi kukisoma, cha Mjapani Kohsuke Kawaguchi. Katika mwaka 2004 hivi alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sun Microsystems, na alikuwa na tabia ya kusukuma kazi yenye kasoro, ikawaharibia wenzake, wakawa wanamkasirikia. Alichoka kuwa yeye ndiye mwenye lawama kila mara. Basi akajitengenezea programu ndogo ya kuikagua kazi yake, ili alijue kosa lake kabla wenzake hawajalijua. Aliiita Hudson, na mwaka 2011, baada ya mvutano juu ya jina na kampuni ya Oracle iliyokwishainunua Sun, ikabadilishwa ikaitwa Jenkins, na chini ya jina hilo ikaenea duniani hadi ikawa kwa miaka mingi mashine maarufu kuliko zote za kazi hii. Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinapindua tulivyodhani. Kitu kinachoonekana kama cha kumfedhehi mtu kilizaliwa na mtu aliyekuwa akitafuta sitara. Kawaguchi alitaka ashikwe mkono, avutwe pembeni, aambiwe taratibu: hapa umeteleza.

Wazee wetu walilijua hili tangu hapo. Nasaha hutolewa faraghani. Ikitolewa hadharani hugeuka fedheha, na mwenye kufedheheshwa hasikii tena kama unalosema ni kweli. Mpwa wangu akaniambia kwamba kumbe hata yeye angeweza kuyaendesha majaribio yale kwenye kompyuta yake mwenyewe kabla ya kusukuma, na nyekundu ingewaka kwake tu, lakini alikuwa na haraka. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema pia kwamba katika ofisi yao wamekubaliana nyekundu isitajwe kwa jina la mtu. Husema "imeanguka", hawasemi "fulani ameiangusha". Nilifurahi kulisikia hilo. Kiswahili kinatupa nafasi hiyo, kitendo kisimame bila ya kumshika mtu shati, na hao vijana wameitumia pasipo kuambiwa na yeyote. Anayefunika aibu ya mtu ametenda wema. Anayefunika ufa wa chombo, chombo ambacho watu wengine watapanda, ameufanyia nini wema huo?

Nimetaja chombo kwa sababu mpwa wangu kila mara husema "kudiploi", na neno hilo limekuwa likinikwaruza masikioni. Nikamwambia Kiswahili kina neno la kazi hiyo, tena la hapa hapa: kushua. Jahazi linajengwa nchi kavu kule Nungwi, ubao kwa ubao, miezi kadhaa chini ya mkungu na makuti, na likiisha linashuliwa. Husubiriwa maji ya bamvua, watu hukusanyika, dua husomwa, kamba huvutwa na mikono mingi, na kitu kizito kilichokuwa mali ya fundi kinakuwa mali ya bahari. Kabla ya hapo kuna kalafati. Fundi hukaa na patasi na nyundo akishindilia pamba iliyotiwa mafuta katikati ya mbao, mshono mmoja baada ya mwengine, kazi ya kuchosha isiyo na sifa, maana atakayekuja kulitazama jahazi atasifu omo lake na nakshi zake, na hapana atakayeinama kuutazama mshono wa chini. Mshono uliorukwa hauonekani nchi kavu. Bahari ndiyo itakayousoma.

Mafundi wa programu wamejaliwa jambo ambalo fundi wa Nungwi hana. Wao wanaweza kuileta bahari karakanani, kidogo, kila siku. Kipande chembamba kinashuliwa asubuhi, kinarudishwa mchana kikivuja, kinashuliwa tena jioni. Mwaka 2009 wahandisi wawili wa Flickr, John Allspaw na Paul Hammond, walisimama mkutanoni wakasema kwamba wao wanashua mara kumi na zaidi kwa siku, na waliowasikiliza wengi walistaajabu, kwa sababu kwao kushua kulikuwa kama harusi, mara moja kwa miezi na usiku mzima bila ya kulala. Naona katika hilo kuna mafunzo ya nafsi yasiyohusu kompyuta peke yake. Mtu anayejihesabu kila jioni hana la kuogopa mwisho wa mwaka.

Ila nisije nikaisifu mashine hadi nikamsahau mwenye nayo. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikiuza na kununua hisa kwa kompyuta, ilishua programu mpya. Ilitakiwa iwekwe kwenye seva nane, na fundi aliyeiweka kwa mkono alisahau moja. Katika seva hiyo ya nane kulikuwa na msimbo wa zamani ambao haukutumika tangu mwaka 2003, ukiwa umelala kama baruti ghalani, na programu mpya ikauamsha. Katika dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 460, na kabla ya mwaka uliofuata kwisha ilikuwa imekwishaungana na nyingine, haipo tena peke yake. Wachunguzi wa serikali waligundua kwamba hapakuwa na utaratibu wa kumtaka fundi wa pili aikague kazi ya wa kwanza. Waligundua na jambo jengine, ambalo mimi ndilo lililonikosesha usingizi: kabla ya soko kufunguliwa asubuhi ile, kompyuta yao wenyewe ilikuwa imewatumia wafanyakazi barua pepe 97 zenye kutaja kosa. Hazikuwa zimewekwa ziwe king'ora, basi hakuna aliyezishughulikia. Mashine ilisema mara 97. Masikio ndiyo hayakuwapo.

Na kuna upande wa pili wa jambo hilo, mchungu zaidi. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili dogo la kuzilinda kompyuta dhidi ya wahalifu. Faili lilikuwa limepita kwenye ukaguzi wa mashine, likapewa kijani. Baada ya dakika 78 walilirudisha nyuma, lakini wakati huo kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zilikuwa zimezimika na kugoma kuwaka. Ndege zilibaki viwanjani, hospitali ziliahirisha shughuli. Baadaye walieleza sababu. Programu ilitarajia kupewa vitu 21, ikawa inapewa 20, na majaribio hayakuliona hilo kwa kuwa yaliandikwa kwa namna ambayo kile cha 21 kinakubaliwa kiwe chochote kile. Kwa maneno mengine, hakuna aliyewahi kuuliza swali lile. Kijani ilikuwa ya kweli kwa kadiri ya maswali yaliyoulizwa, na swali lililobaki nje ndilo lililoiangusha dunia. Kisha faili lilikwenda kwa wote kwa mpigo, bila ya kuanza na wachache, kama jahazi linaloshuliwa mara ya kwanza tayari limepakia.

Nilipomhadithia mpwa wangu hayo, akanijibu kwa jambo nililokuwa silijui. Kwamba hata mlango wao una ufunguo. Kuna wachache ofisini wanaoweza kubonyeza mahali, na kazi ikapita ijapokuwa ina nyekundu. Umewekwa kwa ajili ya dharura, na dharura za kweli zipo. "Umeshatumika?" nikamwuliza. Akasema umetumika mara mbili tangu yeye afike, na zote mbili zimeandikwa: nani, lini, kwa sababu gani. Nikawaza kwamba muhali tulioutoa mlangoni umekwenda kukaa kwenye ufunguo. Mteja mkubwa atampigia simu mwenye ufunguo, atamwita ndugu yangu, atamkumbusha ya zamani. Tunaweza kujenga mlango usioona muhali. Tutamjenga vipi mwenye ufunguo?

Kwa nini nihangaike na haya, mtu wa makamo nisiyejua hata kuandika mstari mmoja wa msimbo? Kwa sababu msimbo umeshaingia majumbani mwetu ukiwa umebebwa mkononi. Hapa Zanzibar Wizara ya Afya, pamoja na shirika la D-tree, wana mpango uitwao Jamii ni Afya. Wajitolea wa afya ya jamii, zaidi ya elfu mbili, Unguja na Pemba, wanapita nyumba kwa nyumba katika shehia zao, kila mmoja na simu, na simu ndiyo inayomwongoza: muulize mama mjamzito hili, mtazame mtoto kwa lile, jibu likiwa hivi mpe rufaa aende kituoni. Programu yenyewe imejengwa juu ya msingi wa wazi uitwao Community Health Toolkit, unaotunzwa na shirika la Medic, na unatumika Kenya, Uganda, Nepal na kwengineko. Ghala lake la msimbo liko wazi mtandaoni. Ukiwa hapo Jaws Corner na kikombe chako cha kahawa unaweza kulifungua na kuona majaribio yakiendeshwa, kijani na nyekundu, kila mtu akitazama. Nyekundu zimo, na hakuna aliyeona haja ya kuzificha.

Programu za namna hii huundwa ziweze kufanya kazi pasipo na mtandao, na sisi tunaelewa kwa nini. Tulikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme mwaka 2008 kwa kuharibika njia moja tuliyokuwa tukiitegemea, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ya nchi nyingi za Afrika Mashariki ilipwelewa. Simu ya mjitolea basi huhifadhi kila kitu ndani yake, na hukutana na seva inapopata mtandao. Uzuri wake una gharama. Kosa likishashuka kwenye simu elfu mbili, na nyingine ziko shehia ambayo mtandao unapatikana ukipanda kichuguu, huwezi kulirudisha kwa dakika 78. Litakaa humo, likitoa ushauri. Mama ataulizwa, atajibu, na simu itasema rudi nyumbani pale ilipopaswa kusema nenda hospitali. Mtu anayeandika mstari huo amekaa ghorofani Mji Mkongwe na feni inazunguka, hamjui mama huyo wala hatomjua. Amebeba amana ya mtu asiyekuwa na njia ya kuja kuidai.

Mpwa wangu anafanya kazi ya aina hiyo, katika programu nyengine ambayo sitaitaja. Wiki mbili baada ya ile nyekundu ya kwanza alikuja tena, na mara hii dada yangu, mamake, alikuwepo, amekaa mkekani anachagua mchele. Binti alikuwa anasoma kwa sauti maswali ya fomu mpya, akitaka nimsaidie Kiswahili chake, maana yaliandikwa kwanza kwa Kiingereza na yakafasiriwa na mtu wa haraka. Akafika mahali panapoulizwa, "Umewahi kupoteza mimba? Mara ngapi?"

Dada yangu akainua uso kutoka kwenye ungo. "Anaulizwa wapi swali hilo?"

"Nyumbani kwake, mama. Mjitolea anamfuata nyumbani."

"Na mavyaa wake kakaa pale?"

Mpwa wangu hakuwa na jibu. Fomu haikuwa na jibu. Majaribio yote yalikuwa kijani. Yalihakikisha kwamba jibu ni nambari, kwamba si chini ya sifuri, kwamba likizidi kiasi fulani mama atapewa rufaa. Hakuna jaribio lililojua kwamba katika nyumba zetu mwanamke wa miaka ishirini na mbili, ameolewa mwaka jana, hawezi kujibu swali hilo mbele ya mama wa mumewe, na kwamba atasema hapana, na ile hapana itaingia kwenye seva kama ukweli, na rufaa haitotoka.

Akaifungua kompyuta yake pale pale barazani. Akaandika mstari mpya wa kutangulia swali lile, wa kumwambia mjitolea ahakikishe wako wawili tu, na kama hawako wawili aliache swali na kurudi siku nyengine. Dada yangu akamsahihisha maneno mara mbili. Akasukuma. Tukangoja, mimi nikitazama kioo kama nielewaye, na baada ya dakika chache ikawaka nyekundu: kulikuwa na jaribio la zamani lililotarajia maswali yafuatane kama yalivyokuwa. Safari hii hakukunja uso. Akalibadilisha lile jaribio, kisha akaandika jengine jipya, akatueleza analofanya: kuanzia leo, mtu yeyote akiuondoa mstari ule wa faragha, awe yeye, awe mkubwa, awe mgeni atakayeajiriwa baada ya miaka mitano, mlango utamkatalia.

"Kwa hiyo itakumbuka," dada yangu akasema.

"Itakumbuka, mama."

"Na kama mavyaa hataki kuondoka?"

Binti akatazama kioo muda mrefu, vidole vimetulia juu ya herufi. Mamake akaurudia mchele wake.